UZI: Sam Cooke alivyotoka kwenye injili kwenda soul. Wimbo ulibadilishwaje, mkataba ulivunjwaje, na hela ilikwenda kwa nani

Sahani_45 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa habari ya mwimbaji wa injili kuhamia muziki wa dunia, mjadala unaishia kwenye dhambi au si dhambi. Naomba uzi huu tuangalie kazi yenyewe ilivyofanyika. Mfano wetu ni Sam Cooke, kwa sababu hatua zake karibu zote zimerekodiwa na unaweza kuzisikiliza moja baada ya nyingine.

Kwa wasiomfahamu vizuri: alizaliwa Clarksdale, Mississippi, tarehe 22 Januari 1931, baba yake mchungaji, akakulia Chicago. Aliimba na vijana wa Highway QC's, kisha Desemba 1950, akiwa na miaka 19, kundi la injili la Soul Stirrers wakamchukua kuziba nafasi ya mwongozaji wao R.H. Harris. Nafasi hiyo ilikuwa nzito. Harris alikuwa anaigwa na waongozaji wa makundi ya injili kila kona ya Marekani. Machi 1951 wakaingia studio kwa ajili ya Specialty Records ya Los Angeles, kampuni ya Art Rupe, na kijana akaonyesha kwamba hakuja kumuiga Harris. Kufikia 1956 yeye ndiye aliyekuwa anavuta vijana kwenye matamasha ya injili.

Alichokuwa anakiweka rehani ni hicho chote. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili, alipopanda jukwaa la Cotton Club, klabu ya usiku ya New York, mwaka 1938, waumini wengi walimnunia. Mahalia Jackson, naye wa injili, alikataa kuimba blues maisha yake yote, pamoja na kubembelezwa. Kwa msikilizaji wa injili wa wakati ule, kuimba mapenzi kwa sauti ileile uliyomwimbia Mungu kulikuwa ni kumgeuzia mgongo. Na kundi halikungojei: ukitoka, kiti chako kinapewa mwingine.

Hoja yangu ni kwamba sauti yake haikuwa na shida yoyote kuvuka. Kilichokuwa kinaweza kumzamisha ni makaratasi, yaani mikataba. Karibuni.

MwalimuSolfa

Mkuu, kabla ya makaratasi tuweke wazi alitoka kanisani na mtaji gani, maana wengi wanadhani ni "sauti nzuri" tu.

Kundi la sauti nne lina tatizo moja la kudumu: mmoja akitoka mbele kuongoza, nyuma zinabaki tatu na harmonia inapungua. Soul Stirrers enzi za Harris walilitatua kwa kuongeza mtu wa 5. Waongozaji wawili wanapokezana, nyuma sauti 4 zinabaki kamili muda wote. Sam alikuta mfumo huo tayari. Yeye alianza wimbo kwa ulaini, Paul Foster akaingia kwa sauti ya kukwaruza pale moto ulipotakiwa kupanda.

Sam akaona kwamba kushindana na Foster kwa kupiga kelele ni kujichosha. Badala yake alichukua silabi moja na kuishusha juu ya noti kadhaa, ile "wo-o-o-o" ambayo mtu akiisikia hata redio ikiwa chumba cha pili anajua ni nani. Angalieni ilivyo na faida: haihitaji nguvu ya kifua, haihitaji maneno ya dini, na maikrofoni inaipenda. Kitu cha namna hiyo unahama nacho popote.

Kisichohamishika kirahisi ni ile sehemu ya kuchochea. Waitikiaji wanarudia kifungu kimoja kifupi bila kubadilika, kiongozi anaongeza maneno, anapandisha, anarudi, mpaka watu wanasimama. "Nearer to Thee" ya Shrine Auditorium, Los Angeles, Julai 1955, inazidi dakika 8 kwa sababu hiyo. Sahani ya mizunguko 45 iliyolengwa redioni ilitaka dakika 2 na nusu, ikizidi sana 3. Ukijaribu kubana dakika 8 za mchocheo ndani ya dakika 3, unabaki na wimbo unaochemka kabla haujapata moto.

Sahani_45

Mwalimu umeeleza vizuri, na ndiyo maana jaribio lake la kwanza lilikwama.

Desemba 1956 Specialty walimpeleka New Orleans, studio ya Cosimo Matassa, chini ya prodyuza Bumps Blackwell, huyohuyo aliyesimamia "Tutti Frutti" ya Little Richard mwaka 1955. Wakachukua wimbo wa Soul Stirrers uitwao "Wonderful", wakamtoa Mungu wakamweka msichana, ukawa "Lovable". Mwanzoni mwa 1957 ukatoka kwa jina la Dale Cook.

Jina la bandia lilikuwa kinga ya Art Rupe. Soul Stirrers walikuwa wanamuuzia sahani, hakutaka wanunuzi wao wakasirike. Lakini walificha jina wakaiacha sauti wazi, na sauti ndiyo iliyokuwa maarufu. Watu wa injili wakaitambua mara moja. Wakati huohuo msikilizaji mpya hakuwa na sababu ya kumfuata "Dale Cook", mtu asiye na historia. Kwa hiyo akachukiwa kama Sam na hakujengwa kama Dale.

Kosa la pili ni la kimuziki. Ukibadilisha maneno tu, muumini anayeujua wimbo wa mwanzo anausikia chini ya ule mpya na anaona umemnyang'anya kitu chake. Ungeandika wimbo mpya kabisa, angekasirika pia, ila asingekuwa na ushahidi mkononi.

TenaWaPili

Hapo kwenye kubadilisha maneno nakupinga kidogo, kaka. Njia hiyohiyo ilifanya kazi kwa wengine. Ray Charles mwishoni mwa 1954 alirekodi "I Got a Woman" akiwa ameijenga juu ya wimbo wa injili wa Southern Tones, ikashika namba 1 kwenye chati ya R&B mwaka 1955. Na Sam mwenyewe baadaye, akiwa na kampuni yake ya SAR, aliwachukua ndugu wa Womack waliokuwa wanaimba injili, akawabadilisha jina kuwa Valentinos, wimbo wao "Couldn't Hear Nobody Pray" ukavalishwa maneno mapya ukawa "Lookin' for a Love", 1962. Ukauza.

Sahani_45

Mfano wa Ray unathibitisha hoja, mkuu. Ray hakuwa nyota wa injili, hakuna waumini waliokuwa wanamdai kitu. Tena aliuongezea mwendo, akaweka saksafoni na ngoma, ukawa mnyama mwingine. "Lovable" ilibaki na mwendo uleule wa upole. Na Valentinos walikuwa hawajajulikana vya kutosha kwa watu kuhisi wameibiwa. Mbinu ni moja, uzito wa jina ndio ulitofautiana.

BintiKinanda

Niingie kwenye "You Send Me", maana ndiyo ilivuka na watu wanaidharau kwa wepesi wake.

Kwa solfa, mizizi inatembea do, la, re, so, halafu inarudi. Wapiga gitaa wengi huweka fa mahali pa re na wimbo haudhuriki. Mzunguko huo ulikuwa kila mahali kwenye nyimbo za vijana za miaka ile, kwa hiyo sikio la msikilizaji wa pop halikuwa na kazi ya kujifunza. Maneno ni machache mno, kifungu kimoja kinarudi na kurudi. Mtu wa kwaya akikisikia anatambua: hicho ni kile kifungu cha waitikiaji alichotaja Mwalimu, ila sasa anakiimba kiongozi mwenyewe, na ile "wo-o-o-o" inajaza nafasi zilizoachwa. Yaani alichukua mchocheo akauondolea kupanda. Unazunguka bila kulipuka, na dakika chache zinatosha.

Ilirekodiwa tarehe 1 Juni 1957, Los Angeles. Mpangaji wa muziki René Hall, gitaa Cliff White, na nyuma waitikiaji Wazungu wenye sauti za kunyooka, kama za matangazo ya redio. Wasikilizeni kwa makini: hawamjibu. Wanashikilia harmonia tu kama zulia. Kwenye Soul Stirrers waitikiaji walikuwa wanasukuma, hapa wamelazwa, na uzito wote umebaki kwenye sauti moja.

Anayetaka kuujaribu na kundi lake: punguzeni waitikiaji hadi nusu ya sauti yenu ya kawaida, msifungue midomo sana kwenye irabu, kiongozi asogee karibu na maikrofoni. Wengi wanaharibu kwa kupamba kila mstari. Sam anaacha mistari kadhaa ipite mitupu, kisha anapamba mmoja.

TenaWaPili

Hao waitikiaji ndio waliomkera Art Rupe, na kimuziki namwelewa. Aliingia studio siku ile akakuta kwaya ya Kizungu juu ya kijana bora wa injili, akaona wanampoza. Specialty ilikuwa imejenga jina kwa sauti za moto za Weusi. Ukiilinganisha "You Send Me" na alichokifanya Shrine miaka 2 kabla, Rupe hakuwa mjinga.

Mkataba_Kwanza

Hakuwa mjinga wa sikio, ila ugomvi ule ulimgharimu, na hapa ndipo nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu makaratasi.

Bumps alikuwa anadai mirabaha kwa Specialty, ikiwemo ya kazi za Little Richard. Makubaliano yakawa hivi: Bumps aachilie madai yake, achukue mkanda wa zile nyimbo pamoja na mkataba wa Sam, waondoke. Wakaenda kwa kampuni changa ya Keen, mali ya familia ya Siamas waliokuwa na kiwanda cha vipuri. Septemba 1957 sahani ikatoka, upande wa kwanza "Summertime", wa pili "You Send Me". Watangazaji wakageuza sahani. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa namba 1 kwenye chati ya pop na ya R&B, nakala zaidi ya milioni 1.

Sasa hesabu. Sheria ya Marekani ya 1909 iliweka senti 2 kwa kila wimbo kwa kila nakala, na kiwango hicho kilidumu hadi 1978. Kwa kawaida senti 1 kwa mtunzi, senti 1 kwa mchapishaji wa wimbo, yaani kampuni inayosimamia haki zake. Nakala milioni 1 ni dola 20,000 kwa wimbo mmoja, kama kampuni inalipa kiwango kamili, na nyingi zilikuwa zinabana. "Summertime" ni ya Gershwin, senti zake zilikwenda huko. Zilizobaki kugombaniwa ni za "You Send Me".

Tatizo: mikataba ya Sam kama mtunzi ilikuwa inaelekea kwa Venice Music, tawi la uchapishaji la Rupe. Kwa hiyo jina la mtunzi likaandikwa L.C., mdogo wake Sam. Sam aliondoka na sauti, na wimbo ukaondoka kwa jina la ndugu. Rupe alipoteza vyote viwili, kisha akatoa masalia yaliyobaki kwenye makabati yake: "I'll Come Running Back to You" ilishika namba 1 ya R&B baada ya hapo. Kwa hiyo muelewe: ukiondoka, nyimbo ulizorekodi zinabaki, na zitashindana na wewe sokoni zikiwa na sauti yako mwenyewe.

Tena Keen nao wakaja kudaiwa mirabaha. Kupata hit hakukumaanisha kulipwa. Mtu aliyemwongoza hapo ni J.W. Alexander wa Pilgrim Travelers, mtu wa injili vilevile. Wakawa wabia kwenye KAGS Music, kampuni ya uchapishaji, kisha SAR Records, ambayo ni herufi za Sam, Alex na Roy, yaani S.R. Crain aliyekuwa kiongozi wa Soul Stirrers. Alipoingia kampuni kubwa ya RCA Victor mwaka 1960, tungo zake zilikuwa tayari zina nyumba yake. Wasanii wengi wa rika lake waliuza tungo zao mapema kwa hela ya mkononi.

Kisauti

Naomba kuuliza wakuu, Soul Stirrers walifanyaje baada ya kuondoka kwake? Walikufa?

Sahani_45

Hawakufa, dada. Walimchukua Johnnie Taylor, naye kutoka Highway QC's, aliyekuwa anaimba kwa karibu sana na Sam. Specialty haikuwatilia tena mkazo kama zamani, lakini Sam alipoanzisha SAR aliwarekodi wao, injili kabisa, bila kuwalazimisha kubadilika. Crain mwenyewe alihama na kuwa meneja wake wa safari. Taylor baadaye naye akavuka, na mwaka 1968 akiwa kampuni ya Stax akapiga "Who's Making Love". Mlango ulishafunguliwa, wa pili hakutukanwa kama wa kwanza.

MzeeWaSanturi

Vijana mmezungumza studio, mmesahau jukwaa. Jukwaani ndiko alikopata tabu zaidi.

Tarehe 3 Novemba 1957 alipangwa kwenye televisheni, kipindi cha Ed Sullivan. Muda uliisha, matangazo yakakatwa alipoanza tu kuimba. Watu walilalamika sana, akarudishwa 1 Desemba, na makelele yale yalisaidia sahani.

Machi 1958 akapelekwa Copacabana, New York, ukumbi wa Wazungu wenye meza na chakula cha jioni. Alianguka. Sababu ziko wazi ukijua alikotoka. Mwimbaji wa injili anajenga juu ya majibu ya watu. Anasema neno, ukumbi unamrudishia, anapanda ngazi nyingine. Pale watu wanakula. Akiacha nafasi ya kuitikiwa, inajibiwa na uma na sahani. Hakuwa na nyimbo za kutosha za aina yao, wala maneno ya kusema katikati, wala mpangilio wa bendi kubwa uliokaa sawa. Aliporudi Juni na Julai 1964 alikuwa amejipanga: mipango ya René Hall, mfuatano wa nyimbo uliopimwa, bango kubwa mno Times Square. Albamu ya moja kwa moja ikatoka humo, safi, imenyooka.

Halafu wekeni pembeni yake Harlem Square Club, Miami, 12 Januari 1963. Ukumbi wa Weusi, King Curtis kwenye saksafoni. Sauti imekwaruza kama ya Paul Foster, anahubiri katikati ya nyimbo, watu wanamwitikia kwa kifua. Kile mchocheo cha dakika nyingi alichokiacha kwa ajili ya sahani za 45 kimerudi chote. RCA waliiweka kabatini, wakaitoa 1985, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Waliona itamharibia sura ya upole waliyoiuza. Kwa maoni yangu walimnyima msikilizaji rekodi yake bora ya jukwaani.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa na mipaka aliyoweka. Mei 1961 Memphis, yeye na mwimbaji mwenzake Clyde McPhatter walikataa kupanda jukwaani kwa sababu Weusi walitengewa sehemu mbaya ya kukaa. Alikuwa na hit za kutosha kuweza kukataa.

BintiKinanda

Shikamoo mzee, na asante kwa Harlem Square. Inajibu ubishi wa TenaWaPili: alipunguza kanisa 1957 ili aingie, kisha akalirudisha kidogokidogo. "Bring It On Home to Me" ya 1962 ni kanisa tupu: mdundo wa tatu-tatu, piano ya mapambio, na Lou Rawls, zamani wa Pilgrim Travelers, anamwitikia mstari kwa mstari. Miaka 5 nyuma angewekewa zulia la waitikiaji.

Aretha Franklin alipitia upande wa pili. Aliingia kampuni ya Columbia 1960 kwa baraka za baba yake, Mchungaji C.L. Franklin wa New Bethel Baptist, Detroit, kwa hiyo vita vya kanisani vilikuwa vidogo kwake. Shida yake ilikuwa sauti ya rekodi: miaka kadhaa ya nyimbo za kistaarabu zenye vinanda vya nyuzi, bila hit kubwa. Januari 1967 Jerry Wexler wa Atlantic akampeleka Muscle Shoals, Alabama, akamketisha kwenye piano apige mwenyewe kama anavyopiga kanisani, na mambo yakafunguka siku hiyohiyo. Lakini mwaka 1957 soko la pop lilikuwa bado halijawahi kumnunua mwimbaji wa kanisa kwa wingi namna ile. Sam ndiye aliyelizoesha.

Kisauti

Na "A Change Is Gonna Come" inakaa wapi? Kwaya nyingi zinaimba ubeti ambao kwenye sahani niliyonayo haupo.

Mkataba_Kwanza

Hit hiyo upande wa karatasi ni ya enzi za Tracey, kampuni iliyoundwa 1963 na meneja wake Allen Klein ili irekodi na kumiliki kazi, RCA wasambaze tu. Kwa sura ilikuwa ushindi. Baada ya Sam kupigwa risasi na kufa Los Angeles, 11 Desemba 1964, ikaonekana mmiliki wa Tracey ni Klein. Mpaka leo kazi hizo ziko chini ya ABKCO, kampuni ya Klein. Mtu aliyemkwepa Rupe kwa ustadi alinaswa kwenye mstari wa umiliki.

MwalimuSolfa

Kuhusu ubeti, dada Kisauti: zipo mbili. Ilirekodiwa Januari 1964 na kuwekwa kwenye albamu "Ain't That Good News" mwaka huohuo, na humo ubeti wa kuzuiwa kukaa mjini na kwenda sinema upo. Singo ilitoka Desemba 1964, siku chache baada ya kifo chake, upande wa pili wa "Shake", na ubeti huo ukakatwa ili redio zisisite. Sahani yako bila shaka ni singo.

Kwa kwaya chukueni ya albamu. Hesabuni 12 kwa 8, yaani mapigo 4 makubwa, kila moja likigawanyika tatu. Mkihesabu 4 kavu wimbo unakuwa mzito na mnakimbilia mwisho wa mistari. Ufunguo ni B-flati, mwimbaji wa tena (tenor) wa kawaida atapata shida pale juu, shusheni hadi G. René Hall aliupangia kila sehemu kundi lake: nyuzi zinabeba ubeti mmoja, baragumu mwingine, ngoma kubwa za timpani kwenye daraja. Kama hamna bendi, gawanyeni hivyohivyo kwa sauti: soprano na alto wanamumunye ubeti wa kwanza, waimbaji wa tena waingie ubeti wa pili, besi wabaki kimya mpaka kwenye daraja.

Kisauti

Asante mwalimu. Tutaanza na G.